Mashudu ya zeituni kwa kuku wa nyama: ni chakula, ni dawa, au ni kijazo tu?

Swali: "Habari mtaalamu. Nafuga broila 500, sasa hivi wako wiki ya nne. Jirani na banda kuna kinu cha kukamua mafuta ya zeituni, wanatoa mashudu bure, unabeba tu. Chakula kimenielemea ndo maana nikaanza kuchanganya, kama kilo 15 za mashudu kwa kila kilo 100 za groa (chakula cha kuku wanaokua). Nayachukua mabichi, bado yana unyevu. Baada ya siku chache kinyesi kimekuwa chembamba, maranda yanalowa, alafu wanabakiza vipande vigumu kwenye vyombo. Rafiki yangu anasema nivumilie watazoea, na kwamba zeituni ni antibayotiki ya asili kwa hiyo niache dawa zote. Mwingine anasema nisage kokwa ziwe unga nipandishe mpaka asilimia 20. Na majani ya mzeituni je? Nimsikilize nani?"

Ndugu mfugaji, asante kwa kuandika kwa kirefu na kuweka namba, maana swali la chakula cha kuku bila namba linageuka ubishi wa kijiweni.

Nianze na la haraka. Leo hii acha kuwapa hayo mashudu mabichi. Mwaga kilichobaki, ila bakiza kidogo cha kupeleka maabara ikibidi, safisha vyombo vya chakula na vya maji, toa maranda yaliyolowa weka makavu, alafu wape groa yao peke yake siku nne tano uone kinyesi kinakuwaje. Kikikaza na wakala vizuri, jibu umeshalipata. Ila ukiona damu kwenye kinyesi, hata kidogo, hata kama ni kwa kuku wawili watatu, usikae kusubiri siku nne, mwite daktari wa mifugo, kwa sababu umri huo wa wiki ya tatu ya nne ndo umri wa koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumboni, na maranda yaliyolowa ndo mahali koksidia inapostawi. Yaani inawezekana mashudu hayakuleta ugonjwa ila yamelowesha sakafu na ugonjwa ukapata pa kukaa. Hilo la "watazoea" sio kweli. Kuharisha kukishaanza kwa broila hakuna kuzoea, kuna kupoteza uzito tu, na broila hana muda wa kufidia uzito alioupoteza.

Sasa tuingie kwenye mashudu yenyewe, maana naona mmechanganya vitu vitatu: kuna anayeyaona chakula, kuna anayeyaona dawa, na wewe unataka yapunguze mzigo wa gharama. Kila kimoja kina jibu lake.

Zeituni ikikamuliwa, mafuta yanayotoka ni kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wa tunda. Vingine vyote vinabaki: ganda, nyama ya tunda, kokwa, maji, na mafuta kidogo yaliyokataa kutoka. Hayo ndo mashudu. Lakini mashudu ya zeituni sio kitu kimoja, na hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Kinu cha kizamani cha kubana kwa presha kinatoa mashudu yenye unyevu wa kama asilimia 25 mpaka 30. Mashine zinazotenganisha mara tatu, yaani mafuta huku, maji meusi kule, mashudu pembeni, zinatoa mashudu ambayo karibu nusu ni maji. Na zile mpya zaidi, zilizoanza kusambaa miaka ya 1990, zinatenganisha mara mbili tu, kwa hiyo maji yote yanabaki ndani ya mashudu, unapata uji mzito wenye maji asilimia 60 mpaka 70. Alafu kuna mashudu yaliyopitishwa tena kiwandani yakatolewa mafuta ya mwisho kwa kemikali, hayo ni makavu na mafuta yake ni kidogo sana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke kiasi gani" nenda kawaulize wenye kinu mashine yao ni ya aina gani, na mashudu yana kokwa au yametolewa kokwa. Ukiwa na bahati wanazitenganisha wenyewe maana kokwa ni kuni nzuri, watu wanazichoma kwenye majiko ya kiwandani.

Na kama kinu kina kitengo cha zeituni za kula, zile za kwenye chupa, mabaki ya huko usiyaguse kabisa kwa kuku. Zeituni za kula mara nyingi zinalowekwa kwenye magadi makali kuondoa uchungu, alafu zinakaa kwenye maji ya chumvi miezi. Chumvi ikizidi kwa kuku anakunywa maji kupita kiasi, anaharisha maji, na kwa kifaranga inaua.

Tukija kwenye virutubisho, protini ya mashudu ya zeituni ni asilimia 5 mpaka 10 ya uzito mkavu. Unaweza kusema mbona hiyo inakaribiana na mahindi. Inakaribiana kwenye karatasi tu, kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo protini imeng'ang'ania kwenye nyuzi za faiba na kwenye tanini, kemikali za mmea zinazoshika protini, haimeng'enyeki, inaingia mbele inatokea nyuma. Faiba yenyewe ni nyingi mno, na ndani yake kuna lignini, kile kitu kinachofanya mti uwe mti. Mashudu yenye kokwa, karibu nusu ya uzito wake mkavu inaweza kuwa kokwa tupu. Hivyo vipande vigumu unavyoona wamebakiza kwenye vyombo ndo hivyo. Kuku wako wanakuambia ukweli, wao wamechambua kwa mdomo kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na chekecheke.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo la kuchachushia, majani magumu yanakaa humo siku nzima na zaidi, bakteria wanayavunja. Kuku hana hiyo nafasi. Chakula chake kinapita mwilini kwa saa chache tu, nne mpaka sita hivi kwa broila anayekula vizuri, na mwili wake hautengenezi kabisa kimeng'enya cha kuvunja selulosi, yaani ile faiba ya mimea. Ana vile vifuko viwili mwishoni mwa utumbo ambavyo vina bakteria wa kuchachusha, ila ni vidogo na vinapokea chembe laini na majimaji tu, vipande vikubwa vinapita moja kwa moja kwenda nje. Kwa hiyo faiba ya mashudu kwa kuku haileti nguvu, inachukua nafasi tu. Kama una mbuzi, hao ndo wateja wa kweli wa hayo mashudu, nakuambia wazi.

Ila sitaki utoke hapa ukidhani faiba ni sumu, maana hilo nalo ni kosa la upande wa pili. Firigisi ni msuli, na msuli unahitaji kazi. Broila anayekula chakula laini tupu firigisi yake inakuwa ndogo na legelege, chakula kinapita bila kusagwa sawasawa. Faiba kidogo isiyoyeyuka, kidogo nasema, inaifanya firigisi ifanye kazi, chakula kinakaa pale juu muda wa kutosha, asidi inatoka vizuri, na mmeng'enyo wa vitu vingine unakuwa bora. Siku ya kuchinja ipasue firigisi uiangalie: iliyofanya kazi ina kuta nene, nyekundu, ngumu kidogo ukiibana, na ile ngozi ya njano ya ndani imekaza. Kwa hiyo mashudu safi kwa kiwango kidogo yanaweza kusaidia kwa njia hiyo, na ndo sababu moja ya majaribio kuonyesha kwamba asilimia 2 mpaka 5 kuku hawadhuriki. Wengine wamefika asilimia 10 kwa kuku wakubwa, kwa mashudu yaliyoondolewa kokwa na kuongezwa vimeng'enya, matokeo yakawa mchanganyiko. Ukivuka hapo, uzito unashuka na chakula kinaliwa kingi zaidi kwa kila kilo ya nyama.

Sasa hesabu yako wewe. Groa tuseme ina protini asilimia 20, maana yake kwenye kilo 100 kuna kilo 20 za protini. Umeongeza kilo 15 za mashudu mabichi ambayo karibu nusu ni maji, hizo zimeleta protini kama nusu kilo, na hiyo nusu kilo nyingi haimeng'enyeki. Jumla umepata kilo 20.5 za protini ndani ya kilo 115 za mchanganyiko. Gawanya, unapata asilimia 17.8. Yaani kwa mkono wako mwenyewe umeshusha groa ikawa chini ya finisha, chakula cha mwisho kabla ya kuchinja, tena kwa kuku ambao bado wanajenga misuli. Na sio protini peke yake, laisini na methionini, zile sehemu za protini ambazo kuku hawezi kuzikosa, zimeshuka, vitamini na madini ya premiksi vyote vimeshuka kwa kama asilimia 13, na nguvu imeshuka, maana mahindi yana kama kilokalori 3,300 kwa kilo na mashudu yenye kokwa na maji hayaikaribii hata nusu ya hiyo. Aliyetengeneza hicho chakula alipanga kila kitu kikae kwa uwiano, wewe umekizimua kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi ili wageni watoshe.

Kuku akipewa chakula kilichozimuliwa anajaribu kula zaidi kufidia. Lakini broila tayari anakula karibu na mwisho wa uwezo wa tumbo lake, na mashudu yamelijaza. Hapo ndo unaona anakula, gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limejaa, ila mizani haipandi.

Kuna tatizo lingine ambalo kwa maoni yangu ndo lililokuumiza zaidi, nalo ni ubichi. Mashudu yenye maji nusu, sukari kidogo na mafuta, yakikaa kwenye gunia siku mbili tatu yanaanza kuchacha, yanapata joto katikati, alafu ukungu. Chukua konzi moja kutoka katikati ya gunia, sio juu, libane mkononi. Yakitoa maji au yakabaki donge, ni mabichi. Yanuse: mashudu mazuri yananukia tunda na mafuta, yaliyochacha yananukia siki au pombe, na yale ambayo mafuta yake yameharibika yananukia rangi ya zamani ya kupaka. Hiyo harufu ya rangi sio jambo la kudharau. Mafuta yaliyooksidika yanaharibu vitamini E kwenye chakula chote ulichochanganya, na kifaranga akikosa vitamini E ubongo wake unaathirika, unamkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, kichwa kinapinda. Ukungu nao unaleta sumukuvu kama aflatoksini, inayopiga ini na kinga ya mwili, na ubaya wake ni kwamba kukausha au kupika mashudu yaliyokwisha kuota ukungu kunaua ukungu lakini sumu inabaki pale pale. Kwa hiyo yaliyoota ukungu usijaribu kuyaokoa, na usiwape mbuzi pia.

Haya, twende kwa rafiki yako wa antibayotiki. Hajatunga hadithi, amesikia nusu ya jambo. Zeituni ina kemikali zinazoitwa polifenoli, maarufu ni oleuropeini ambayo ndo inafanya majani na tunda bichi kuwa chungu, na haidroksitairosoli inayotokana nayo. Polifenoli nyingi zinayeyuka kwenye maji kuliko kwenye mafuta, kwa hiyo wakati wa kukamua ni sehemu ndogo sana, kama asilimia 2, inayoondoka na mafuta. Zilizobaki zote zinaenda kwenye mashudu na maji meusi. Maabara, kwenye vyombo vya kioo, zinazuia bakteria kama E. coli na Salmonella, hiyo ni kweli. Na tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, watafiti wamekuwa wakihangaika kutafuta mimea ya kujaza hilo pengo, na zeituni imo kwenye orodha.

Lakini kuzuia bakteria kwenye kioo ni jambo moja, kutibu kuku mgonjwa bandani ni jambo lingine kabisa. Kiasi cha polifenoli kwenye mashudu kinabadilika kwa aina ya zeituni, kuiva kwake, mashine, na siku ulizoyaweka juani, kwa hiyo hata ukitaka kuyatumia kama dawa hujui unatoa dozi gani. Chanjo zako endelea nazo kwa ratiba. Kinga ya koksidia iliyoko kwenye chakula au majini usiitoe. Ugonjwa ukiingia, daktari ndo anasema dawa gani na siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchinja. Kama unataka kupunguza antibayotiki, nakupongeza, ila hiyo safari inaanzia kwenye maranda makavu, hewa na maji safi.

Faida ya mashudu iko wapi basi? Kwa kiasi kikubwa iko kwenye nyama, sio kwenye kasi ya kukua. Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu, kama ya zeituni yote, mengi ni asidi ya oleiki, na kuku ni mnyama ambaye mafuta anayokula ndo mafuta anayoyaweka mwilini. Kwa hiyo nyama yake inasogea upande huo, oleiki inapanda kidogo. Alafu polifenoli pamoja na vitamini E ya kwenye mashudu zinasaidia nyama isichache haraka ikiwa kwenye friji, na hilo limeonekana kwenye majaribio mengi kuliko hilo la uzito. Kwenye uzito mara nyingi kuku wanakuwa sawa na wenzao wasiokula mashudu, wakati mwingine juu kidogo, wakati mwingine chini kidogo. Atakayekuahidi kuku wanene kwa sababu ya zeituni anakuuzia maneno.

Ukitaka kuendelea, na sikukatazi, fanya hivi. Chukua mashudu siku hiyo hiyo yanapotoka kinuni, sio yale ya kwenye rundo la nyuma ya jengo. Yatandaze juu ya turubai safi kwa unene wa sentimita 2 au 3, sio zaidi, yageuze mara kadhaa kwa siku, jioni yafunike au yaingize ndani maana umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana mzima. Lengo ni unyevu chini ya asilimia 12, na 10 ni bora zaidi. Kupima ni rahisi kama una mizani ndogo na oveni: pima gramu 100, weka kwenye nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, zikibaki gramu 88 au zaidi uko sawa. Yakishakauka yapondeponde kwa mkono au kwa kinu kilicholegezwa, yapitishe kwenye chekecheke ya matundu ya milimita 2 au 3. Kinachopita chini ni unga wa nyama ya tunda na ganda, hicho ndo cha kuku. Kinachobaki juu ni kokwa, hicho ni cha jikoni. Unga wenyewe usiuweke akiba ya miezi, una mafuta na utaharibika, tengeneza wa wiki mbili tatu, weka kwenye gunia linalopitisha hewa, mahali penye kivuli, juu ya mbao.

Na hapa namjibu huyo wa kusaga kokwa: kokwa ikisagwa ikawa laini kama poda bado ni mti. Utakuwa umetumia umeme, umechosha mashine, na umewanyima kuku hata ile nafasi ya kuzikataa, maana kokwa nzima wanaibakiza lakini unga wa kokwa wanaumeza. Asilimia 20 kwa namna hiyo ni kuwafungisha kuku wako bila wewe kujua.

Vifaranga wa stata, yaani walio kwenye chakula cha mwanzo, usiwape kabisa. Kifaranga anazaliwa na gramu 40 hivi na ndani ya siku saba anafika kama mara nne ya hapo, utumbo wake bado unajijenga, nyongo na vimeng'enya vya mafuta bado ni vichache, kila punje anayokula inatakiwa iwe na kazi. Anza wakishaingia groa, wiki ya tatu kwenda mbele, kwa asilimia 1, baada ya siku tatu nne asilimia 2, alafu 3. Kama unanunua chakula kilichokamilika na kuongeza juu yake, mi ningeishia hapo kwenye 3, maana kila unachoongeza ni kuzimua. Finisha unaweza kusogea mpaka 5 kama kila kitu kiko shwari. Hata hiyo 5 ya mashudu makavu iliyoongezwa juu inaitoa groa ya asilimia 20 mpaka 19.3, sio balaa, ila ipo.

Kama unachanganya chakula mwenyewe toka mwanzo mambo ni tofauti na ni mazuri zaidi, kwa sababu mashudu yanaingia kwenye fomula, yanachukua sehemu ya mahindi au pumba, alafu unaongeza soya kidogo, laisini na methionini za dukani, na mafuta kidogo kurudisha nguvu iliyopungua. Ukitumia asilimia 5 au zaidi ongeza na vimeng'enya vya kuvunja faiba, zailanesi na glukanesi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Vinasaidia kupunguza ule utelezi utumboni unaoleta kinyesi cha kunata, ila havigeuzi kokwa kuwa mahindi, usivipe kazi isiyo yake. Hiyo fomula mpe mtaalamu wa lishe aipitie akiwa na majibu ya maabara ya mashudu yako, maana namba za mashudu ya mwenzako hazikusaidii.

Majani, kwa kifupi. Yanatumika, lakini kwa kiwango cha kiungo tu: makavu, yamesagwa, gramu 5 mpaka 10 kwa kilo ya chakula. Yana oleuropeini nyingi kwa hiyo ni machungu, ukizidisha kuku wanagoma kula. Na uliza shamba linapuliziwa nini, mizeituni mingi inapigwa dawa za ukungu zenye shaba na shaba inabaki juu ya jani. Kuku anavumilia shaba kiasi, kondoo ndo anakufa nayo, kwa hiyo kama mna kondoo pia chungeni sana. Yale maji meusi ya kinuni usiyaweke kwenye maji ya kunywa ya kuku, yana asidi, yana chumvichumvi, na yanaharibika ndani ya bomba na vinyweshea.

Mwisho ni hela, ambayo ndo ilikuleta. Mashudu ni ya bure, lakini hesabu usiifanye kwa kilo ya chakula, ifanye kwa kilo ya kuku. Tuchukue mfano kwamba kuku wako kwa kawaida anakula kilo 1.6 za chakula kupata kilo 1 ya uzito, kwa hiyo kumfikisha kilo 2 anakula kilo 3.2. Ukizimua kwa kilo 15 juu ya 100, akawa anahitaji 1.8 badala ya 1.6, atakula kilo 3.6, ndani yake mashudu ni kama nusu kilo kasoro, chakula cha kununua kilo 3.1 na ushee. Kwa hiyo umeokoa gramu 70 hivi kwa kuku, kilo 35 kwa kundi lote la kuku 500, na kwa malipo ya hizo kilo 35 umekaa nao siku zaidi, umebeba mashudu, umebadilisha maranda. Akifika 1.84 umeokoa sifuri. Akifika 1.9 unalipia mashudu ya bure. Na hiyo ni bila kuhesabu hata kuku mmoja aliyekufa.

Kwa hiyo batch inayokuja jaribu kwanza kwa kundi dogo. Tenga kuku 50 upande mmoja na 50 upande mwingine, umri mmoja, uzito unaolingana, banda moja, tofauti iwe mashudu tu. Pima chakula kinachoingia na kinachobaki, pima uzito kila wiki siku ile ile saa ile ile. Ukifika mwisho utakuwa na namba zako mwenyewe na hutahitaji kuniuliza mimi wala rafiki yako.

Kwa kundi la sasa, dalili za kukufanya umtafute daktari bila kuchelewa ni hizi: damu kwenye kinyesi, vifo vinavyoongezeka siku mbili mfululizo, kuku kupinda shingo au kulala na miguu imenyooka, chakula kinacholiwa kushuka ghafla, au kinyesi kubaki chembamba hata baada ya hizo siku nne tano za groa tupu. Ukienda, peleka kuku aliyekufa muda si mrefu, amewekwa kwenye baridi lakini hajagandishwa, pamoja na nusu kilo ya chakula ulichochanganya na nusu kilo ya mashudu, umechota sehemu tofauti za gunia ukaweka kwenye mfuko wa karatasi. Omba maabara wapime unyevu, protini, faiba, mafuta na kuharibika kwake, na aflatoksini. Kama chakula chote ulishakimwaga, hata vumbi lililobaki chini ya gunia la mashudu lipeleke, linaweza kutosha kuonyesha kama kulikuwa na ukungu.